Uliza Fundi: Kitanda cha kutia na kutoa ndani ya Hiace

SWALI: Fundi asalaam alaykum. Mie nina Hiace Super GL ya 2008 ile ya paa la kawaida, siti ya mbele ipo, ya katikati ipo, nyuma ni wazi. Tuko watano, mie, mama watoto, na watoto wa miaka 10, 7 na 2. Sie watu wa kutoka, vunja jungu hatukosi, sikukuu hatukosi, Mwaka Kogwa ndo usiseme maana kwa mama mkwe ni Makunduchi, na kila tukirudi ni usiku watoto wamelala wamepindana shingo, nikasema bora nitie kitanda tulale hukohuko turudi asubuhi. Sasa fundi wa vyuma wa mtaani kwetu ashakuja kupima, anataka achomelee fremu ya skwea paipu kwenye sakafu khalas, juu futi mbili ili chini tuweke vyombo. Mama watoto kakataa, anasema gari hiyohiyo ndo inapeleka watoto skuli na ndo inambeba bibi yao hospitali, kitanda kiwe cha kutoa. Mie naona cha kutoa kitayumba na kitapiga kelele njia nzima. Nani mwenye haki hapa?
Baba Nassir, Fuoni

JIBU: Waalaykum salaam Baba Nassir. Mama watoto ndo mwenye haki, na huyo fundi wa vyuma mwambie asante akajenge mageti ya watu. Simbezi, ila sakafu ya Hiace si ya kuchomelea. Chini yake kuna tangi la mafuta, kuna mabomba ya breki, kuna nyaya, na moto wa welding ukishapita pale ile rangi ya kuzuia kutu inaungua pande zote mbili, ya juu utaipaka tena lakini ya chini hutaiona, na kwetu hapa na hewa hii ya chumvi kutu haikusubiri, msimu mmoja wa masika tu na kusi lake ushatobokwa. Halafu mafundi wengi wanachomelea betri ikiwa imefungwa, ukitoka hapo kompyuta ya gari imekufa na hakuna anaejua imekufaje. Hata drili sikushauri utoboe mpaka uwe umelala chini ya gari na tochi ukajua kilichopo upande wa pili.

Na hiyo futi mbili ndo imenishangaza zaidi. Chukua futi kamba uende kwenye gari sasa hivi. Hiace ya paa la kawaida ndani kutoka sakafuni mpaka juu ni kama mita 1 na sentimita 32, ukitoa kapeti na ile nguo ya darini inapungua kidogo. Mtu mzima akikaa kitako mgongo wima anahitaji sentimita 90 hivi kutoka makalio mpaka utosini. Toa, inabaki arubaini na kitu. Kwa hiyo kitanda chako chote, mbao na godoro juu yake, kisivuke sentimita 40, ukivuka hapo hutaweza kukaa, utakuwa unaingia kwa tumbo na kutoka kwa tumbo, na mama watoto atamnyonyesha vipi mtoto au kumbadilisha nguo usiku? Futi mbili ni sentimita 61. Ukiongeza godoro unabaki na nafasi ya kulala maiti, Mungu atuepushe. Chini ya kitanda cha chini bado utapata nafasi ya sentimita 25 hivi, inaingia sufuria, galoni za maji zilizolazwa, nguo, jiko dogo. Kulboksi refu halitaingia, liweke miguuni mbele.

Sasa upana. Hizi gari Wajapani walizibana makusudi, kwao gari ikivuka upana wa mita 1 na 70 au urefu wa mita 4 na 70 inatoka kwenye daraja la gari ndogo, ndo maana Hiace ya kawaida ni milimita 1,695 kwa 4,695, yaani wameacha milimita tano tu za kupumulia. Ndani ukishatoa unene wa bodi unabaki na mita moja na nusu hivi. Wewe mtu mzima huwezi kulala kwa upana, utakunja magoti usiku kucha. Mnalala kwa urefu, kichwa nyuma au mbele mtachagua wenyewe, mie napenda kichwa kiwe upande wa mlango wa nyuma maana ukiufungua asubuhi unaamka na upepo. Nyuma ya siti ya katikati kwenye Super GL nafasi haifiki mita mbili, wewe pima yako, ikiwa unapata mita 1 na 80 na wewe si mrefu sana basi mmelala, wewe, mama na yule mdogo wa miaka miwili katikati.

Watoto wawili waliobaki ndo watu hupotea hapa, wanang'oa siti ya katikati ili kitanda kiwe kirefu. Usiing'oe. Watasafiri wamekaa wapi? Siti ibaki na mikanda yake ibaki, mkifika ndo unalaza mgongo wa siti juu ya kalio lake, juu yake unaweka kibao cha plaiwudi ya milimita 12 chenye miguu miwili ya mbele inayosimama pale wanapoweka miguu abiria, na hapo Nassir na mwenzie wanalala kwa upana, maana wao mita moja na nusu inawatosha, huyo wa miaka 10 mpime kabla asije akawa ameshakupita. Ikitokea siti iliyolazwa ipo juu kuliko kitanda chenu wala usihangaike kusawazisha, waache walale ngazi moja juu, wao wafupi vichwa havigusi dari, na mie naona ni bora hivo, hawatabiringika kuja kwenu usiku.

Haya, kitanda chenyewe. Mie nimeona kimoja pale Mwanakwerekwe, jamaa kakijengea ndani ya gari, mbao nzuri za msaji, vanishi inawaka, siku ya kukitoa hakitoki. Mlango wa nyuma ni mwembamba kuliko upana wa ndani, na juu unazidi kubana, na kitanda kilikuwa kipande kimoja. Waligeuza, wakasimamisha, wakalaza, watu wanne, mwisho ukaitwa msumeno. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kitanda cha kutoa ni kwamba kisiwe kitanda mpaka kiwe ndani. Kiwe vipande, na kila kipande mtu mmoja akibebe.

Unahitaji vihimili vitatu, mifumbati mitatu na chaga, basi. Kihimili ni ubao wa plaiwudi ya milimita 18 unaosimama kwa upana wa gari, kimoja nyuma karibu na mlango, kimoja katikati, kimoja nyuma ya siti. Mifumbati ni mbao za mbili kwa tatu zinazopita juu kwa urefu, kushoto, kulia na katikati. Pale vinapokutana unakata mkato wa inchi moja na nusu kwenye kihimili na mwingine wa inchi moja na nusu kwenye mfumbati, vinaumana, hapo kihimili hakianguki na mfumbati hauendi pembeni, na hujatumia hata skrubu moja. Seremala yeyote anajua kiungo hicho. Ila mwambie mikato iwe ya kuingia kwa kusukuma na kiganja, isibane sana, mbao zinavimba mvua ikiingia na ukitaka kutoa wakati wa vuli utahitaji nyundo.

Kazi ngumu ni vile vinundu vya magurudumu ya nyuma vinavyotuna ndani. Usipime kwa rula utachanganyikiwa. Chukua boksi gumu la friji au la tivii, likate likae wima pale ambapo kihimili cha katikati kitasimama, punguza na mkasi kidogo kidogo, ukizidisha bandika kipande na gamtepu, mpaka boksi likae limegusa sakafu na kinundu bila uwazi. Likikaa sawa ndo unalilaza juu ya plaiwudi unapita na penseli. Nimeona mafundi wanaacha hatua hii wanasema wana macho, halafu wanajaza mapengo na mabanzi. Nusu saa ya boksi itakuokolea ubao mzima.

Kwenye chaga watu wengi wanataka plaiwudi nzima juu. Uzito wake ushawahi kuuhesabu? Plaiwudi ya nane kwa nne ya milimita 18 ni kilo 32 mpaka 37 peke yake, na ni kipande ambacho hakipiti mlangoni mpaka ukikate. Na juu ya ubao mzima godoro halipumui, watu watano mnatoka jasho na kupumua humo ndani usiku kucha, unyevu unashuka chini ya godoro unakutana na ubao, baada ya safari chache ukiliinua unakuta ukungu mweusi. Tumia chaga, mbao za upana wa inchi tatu au nne na unene wa sentimita mbili, uwazi wa vidole vitatu baina yao, halafu zipigilie kwenye kanda mbili za nailoni, zile wanazotumia kutengenezea mikanda ya mabegi. Hapo chaga zako zinakunjika kama jamvi. Fanya mafungu mawili, la kushoto na la kulia, kila chaga inakaa kutoka mfumbati wa pembeni mpaka wa katikati, sentimita 75 tu, haipindi hata ukipiga magoti juu yake. Ukifika unamwaga jamvi la kushoto, unamwaga la kulia, umemaliza.

Mbao gani. Paini ya bara iliyokauka inatosha, nyepesi na inapatikana, hakikisha tu imekauka kweli maana nyingine zinauzwa bado mbichi unazikamua maji. Mvinje wetu wa shamba utaambiwa ni rahisi, na kweli ni rahisi, ila ni mzito na ukikauka unapasuka na kujipinda, uache kwenye kujengea mabanda. Msaji mzuri mno lakini utalipa pesa ya kulala hoteli. Chuma siupendi kwa kitanda hichi, si kwa uzito, maana paipu ya inchi moja ni kama kilo moja tu na ushee kwa mita, ila chuma kwa chuma ndo hizo kelele unazoziogopa, na kila penye kovu la welding ndipo kutu inapoanzia.

Kelele sasa. Nenda kwa fundi baiskeli muombe tyubu mbovu, atakupa bure au kwa soda. Ichane katikati, kata vipande, bandika na gundi ya viatu chini ya kila kihimili na ndani ya kila mkato pale mbao mbili zinapokutana. Mbao juu ya mpira haina sauti. Mpira huohuo unazuia kihimili kuteleza kwenye sakafu, na hapo ndo nakuja kwenye kuyumba.

Kitanda lazima kifungwe, hata kama ni mbao zimelazwa tu chini. Angalia sakafuni kwako, Hiace nyingi zina pete za kufungia mzigo, zimekunjwa ndani ya kapeti unaweza kuwa hujawahi kuziona. Kama hazipo, na gari yako ilikuwa na siti ya tatu ikatolewa, basi matundu ya bolti zake yapo na yana hesi ndani, hayo yamewekwa kiwandani kubeba watu kwa hiyo yanabeba kitanda. Chukua bolti ya zamani nenda nayo dukani ufananishe unene na hesi, usilazimishe bolti isiyo yake ukaja kuua hesi za gari. Nunua ya stenlesi kama ipo. Pale unafunga pete, na kwenye pete unapitisha mkanda wa kufungia mzigo wenye racheti, mmoja mbele mmoja nyuma, unakaza. Na ukikuta njia ya mashimo simama baada ya muda ukague, mikanda hulegea.

Na hapa Baba Nassir nakusemesha kama ndugu yako. Gari ikitembea hakuna mtu juu ya kitanda. Najua itakavyokuwa, saa tatu usiku mnarudi kutoka Makunduchi, watoto wamechoka, kitanda kipo kimetandikwa, mama anasema waache walale tu njia fupi. Gari ikiwa kilomita 50 kwa saa ikagonga ikasimama, mtoto aliyelala bila mkanda anaendelea na kasi ileile, na kasi hiyo ni ya mtu aliyeanguka kutoka kama mita 10 juu, ni ghorofa ya tatu ya Michenzani hiyo. Wewe kilomita 50 huziiti mwendo hata kidogo. Kama ni kulala walale kwenye siti wamefungwa mkanda, mdogo kwenye kiti chake cha mtoto, na kama mmechoka sana si ndo maana ya kitanda? Laleni, ondokeni asubuhi.

Godoro chukua foam ya inchi tatu lakini nzito, hai densiti, ibonyeze kwa goti dukani kabla ya kulipa, ikigusa chini iache. Mwambie akukatie vipande vitatu, kila kimoja foronya yake ya zipu ufue. Usinunue la mtumba hata ukiambiwa lilikuwa la hoteli kubwa, kunguni wakishaingia kwenye kapeti la gari utauza gari.

Mambo ya karatasi, kwa kuwa hujang'oa siti wala hujachomelea kitu kitanda chako ni mzigo tu kama mizigo mingine, hata siku ya ukaguzi unakiacha nyumbani. Ukibadilisha idadi ya siti hayo ni mengine, hapo kwanza waone wakaguzi na watu wa bima yako. Hii peke yake ilitosha kumjibu fundi wa vyuma.

SWALI: Fundi hujambo. Mie nina Noah na watoto wawili wa skuli, mume yupo Muscat. Tunataka kulala Vumawimbi wakati wa likizo. Naweza kutengeneza kitanda kama cha Hiace?
Mama Rayyan, Wete

JIBU: Sijambo bibie. Kwenye Noah usipoteze pesa ya seremala. Noah siti zenyewe zinalala, ulizia tu kijana yeyote mwenye Noah akuonyeshe, unatoa vichwa vya siti, unalaza mgongo wa siti ya katikati unakutana na kalio la siti ya nyuma. Tatizo ni mabonde, siti ikilala haiwi tambarare, kuna shimo kiunoni na kuna nundu mgongoni. Yajaze mabonde kwa vipande vya foam ulivyokata kwa kisu kufuata shimo, juu tandika godoro jembamba moja, mtalala vizuri watatu. Nguo na vyombo viwe kwenye mabegi laini ndo muweze kuvisukumia pembeni. Kama una mbao ulizokwisha kununua basi fanya kibao kimoja tu cha kuziba pengo baina ya siti, ukiweke nyuma.

Vumawimbi ni mbali na maduka, ukishapita msitu wa Ngezi usitegemee kupata kitu, maji na kila kitu chukueni Konde. Na kabla ya kulala popote, mpitie sheha wa hapo umwambie, mwanamke na watoto peke yenu, ajue mpo na pengine atawaonyesha pahala pazuri kuliko mlipopachagua. Mapazia ya vioo yashone mwenyewe, kitambaa cheusi cha ndani na khanga nje kama unataka urembo, pembeni shonea sumaku ndogo, vinajishika kwenye bodi ya gari bila kutoboa kitu. Pale ambapo ni plastiki sumaku haishiki, tumia utepe wa velkro.

SWALI: Oya fundi, joto la kaskazi hili, si nalala tu na injini inawaka na AC? Mafuta yangu mwenyewe.
Kijana wa Jambiani

JIBU: Mafuta yako, na roho yako. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina harufu haina rangi, gari imesimama upepo umeuelekeza moshi chini ya gari unaingia kwenye matundu ambayo hata huyajui, na anaevuta akiwa amelala haamki. Kwenye Hiace injini yenyewe ipo chini ya siti ya mbele, na joto lake ndo hilo unalolikimbia. Hivohivo jiko la mkaa, hata limebaki majivu na kijinga kimoja usiliingize ndani eti kufukuza mbu. Unachotaka ni upepo upite, fungua kioo cha upande mmoja na mlango wa nyuma au kioo cha upande wa pili, ziba uwazi wote kwa wavu wa chandarua, shona kama pazia nililomwambia Mama Rayyan. Feni ndogo ya volti 12 kwenye betri ya pembeni inamaliza usiku kucha bila shida. Usiifunge kwenye betri ya gari, asubuhi utasukuma kwenye mchanga.

MAONI: Fundi mie sina swali. Nyie watu wa mjini mkija na magari yenu mnaegesha pwani kabisa, sie tunawaona tunanyamaza maana mgeni haambiwi. Waambie kuhusu bamvua.
Mzee wa Kizimkazi

JIBU: Shikamoo mzee, na ahsante sana, hili lilikuwa lisemwe mwanzo. Wasomaji, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndo umeandama, maji ya bamvua kwetu yanapanda na kushuka karibu mita 4, na kwa Unguja bamvua hujaa alfajiri na alasiri. Kwa hiyo unaweza kufika jioni maji yanatoka, pwani kubwa, mchanga mgumu, ukaona hapa ndo pahala, na alfajiri ukasikia maji chini ya sakafu. Angalia mstari wa mwani mkavu na takataka uliko mchangani, maji yalifika hapo. Egesha juu yake, mbali, kwenye udongo mgumu au majani. Na msije mkaukimbia mstari huo mkaingia chini ya minazi. Nazi ikidondoka kutoka juu huko inaingia na paa, muulize mtu yeyote mwenye gari yenye paa lililobonyea.

SWALI: Nimepaka mbao za kitanda vanishi juzi, harufu kali mno, mke wangu ni mjamzito na safari ni Ijumaa. Nifanye nini?
Baba mtarajiwa, Mkoani

JIBU: Zitoe nje ya gari leo hii, zisimamishe kivulini penye upepo, sio juani zitapinda. Kama Alkhamisi usiku ukiinusa kwa karibu bado inakupanda puani, mbao ziache nyumbani, laza godoro sakafuni kwenye gari, safari hii lalieni hivo. Na mara nyingine tumia vanishi ya maji, au usipake kitu kabisa kwenye chaga, hakuna anaeziona.